Kamba ya Ghorofa ya Saba

Jengo letu la Kutaisi lina lifti inayokula sarafu.
Asiye na sarafu hupanda kwa magoti yake,
na wenye magoti mabovu ndio wakaao juu:
walipewa nyumba zile wangali vijana,
kiwanda cha malori kilipopuliza king'ora alfajiri
na ngazi zikawa mchezo.

Zauri wa ghorofa ya tano alikufa Januari.
Siku tisa.
Televisheni yake ilizungumza usiku kucha,
nasi tukapita mlangoni tukiambizana:
afadhali, mzee leo ana wageni.

Manispaa ikaleta fomu, ikaleta na kitufe chekundu
cha kuvaa shingoni. Ukianguka, bonyeza.
Guliko alikitundika msumarini, kando ya picha ya marehemu mumewe.
"Sijaanguka," akasema. "Nimekaa tu.
Kipo kitufe cha aliyekaa?"

Ndipo Mzevinari, mfagia ngazi,
akasimama kati ya masanduku ya barua, ufagio mkononi:
vikapu tunavyo, kila roshani ina kamba yake
ya kuvutia mkate na vitunguu.
Basi kabla ya saa tatu kila mzee ateremshe chake,
hata kama hana anachotaka,
na sisi wa chini tusikirudishe kitupu.
Kisiposhuka, mtu apande.

Hakuna aliyepiga kura. Tulitazama viatu vyetu.
Kesho yake vikashuka vinne.

Mimi nakaa ghorofa ya kwanza, dirisha langu liko njiani mwao.
Navisoma vikapu kama wengine wasomavyo magazeti:
cha Otari huja kwa pupa, kikigonga kila ukuta;
cha Guliko husitasita, kimejifunika leso,
kama mgeni asiyejua kama amealikwa.

Tsiala wa saba alikataa.
"Mimi si kuku," alitupigia kelele, mtaa mzima ukasikia,
"wa kuhesabiwa kila kukicha!"
Tukamwacha. Wiki tatu kamba yake imeviringwa.

Kisha mtoto wa mwoka mikate akachana suruali kwenye seng'enge,
akaogopa kurudi nayo nyumbani.
Hakutumwa na mtu. Aliinua shingo tu akaita:
Bibi! Unajua kushona?
Kimya. Pazia likatikisika.
Halafu kamba ikaanza kushuka, kavu, ikilia kwenye chuma.
Jioni suruali ikarudi na kikaratasi:
*Aliyeshona pindo hili mwanzo hakuwa na haya.*

Hapo tulipofumbuka macho.
Tulidhani wana njaa ya kupewa;
kumbe njaa yao ni ya kuombwa.
Tukapeleka juu vifungo, soksi, redio yenye kwikwi,
hesabu za darasa la sita,
hata kesi ya ndugu wawili waliogombea baiskeli.
Vyote vikashuka vimetengenezwa,
na matusi kidogo juu yake, kama chumvi.

Jumatano ya theluji kikapu cha saba hakikushuka.
Saa tatu. Saa tatu na robo.
Nikajipapasa mifuko, sarafu hakuna,
nikapanda.
Ghorofa ya tano sikuutazama mlango.

Alifungua kabla sijabisha. Buheri wa afya, kajifunga aproni.
Mezani sahani mbili, maharagwe yanafuka.
"Kamba ni nzuri," akasema, "ila haijui kutafuna.
Kaa. Umechelewa robo saa."

Nikala. Akaniuliza mambo nisiyoulizwa
tangu mke wangu aende Bari
kuwalisha uji wazee wa watu:
nalala saa ngapi,
nani hunikata nywele za kisogoni.

Jana nimenunua kamba.
Mwenye duka akauliza mita ngapi, unakaa juu sana?
Ghorofa ya kwanza, nikamjibu, naye akacheka:
hapo si hata mkono ungefika?

Nikamwambia apime tu.